Utenzi wa Asiyekurupuka

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa! Mkuu wetu wa madrasa ametangaza kwamba anapumzika. Miguu imechoka, amesema, na masikio pia. Mwenyekiti wa kamati akaongeza kuwa mrithi wake atachaguliwa Jumamosi, wazazi watakapokuja kuwasikiliza watoto. Sikupepesa jicho. Cheo hicho ni changu. Si tamaa, ni mpango tu. Mkuu ana nyumba nyuma ya madrasa: vyumba viwili, paa zima, mlango unaofungwa kwa ndani. Mimi nina kochi la sebuleni kwa Dada, na miguu yangu inaning'inia nje ya kochi kuanzia magotini. Halafu baba yake Muuguzi, binti ninayemposa, alishasema wazi kwamba binti yake hamwozi mwanamume anayelala sebuleni kwa watu. Kwa hiyo: cheo, nyumba, Muuguzi. Kimoja kikija, vyote vimekuja.

Mwenyekiti akaendelea kulalamika kwamba vijana wa darasa la juu wanakurupuka. Mmoja kaacha shule akauze soksi. Mwingine kanyoa nyusi kwa sababu mwenzake alimwambia hathubutu. Angependa apatikane mwalimu wa kuwafundisha ushairi wa dini kuhusu hekima katika kuamua, wausome Jumamosi mbele ya wazazi, na kwamba kazi yenyewe...

Nikasimama. Nikasema mimi! Hakuwa amemaliza. Baadaye nikaambiwa alitaka kusema kazi yenyewe ni ya saa za mapumziko, juu ya vipindi vya kawaida, na haina msaidizi. Haidhuru.

Mpinzani wangu ni mwalimu wa tajwidi, kisomo cha Kurani. Namwita Koo la Dhahabu. Akisoma, watu hulia. Akimaliza kusoma, hulala, hata darasani, kichwa kimeegemea ubao na chaki ziko begani. Wazazi wanampenda. Siwaelewi watu.

Jioni nimempasha Dada habari. Akaacha kupiga pasi, akataka kujua mimi najua nini kuhusu kuamua. Akanikumbusha ile pikipiki. Ni kweli, niliinunua kwa ajili ya rangi. Kumbe injini ilikuwa inauzwa peke yake. Nikamwambia daktari halazimiki kunywa kila dawa anayoandika. Akasema ni sawa, ila daktari huyu ndiye mgonjwa mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetunga! Utenzi mzima, mizani minane, kina cha mwisho "mbo" tangu bismillahi hadi tamati. Nilichagua "mbo" kabla ya kufikiri kama maneno yatatosha. Yametosha. Karibu.

Naunakili humu, vizazi vijavyo visije vikahangaika:

*Ewe kijana tulia,*
*jambo likikuingia,*
*omba kwanza kwa Jalia,*
*ndipo uamue jambo.*

*Usiamue pekeyo,*
*waulize wenzi hayo,*
*ya kichwa kimoja siyo,*
*yapimwe kwa wengi mambo.*

*Akuhimizaye hima,*
*huyo hana lilo jema,*
*kaa chini kwanza pima,*
*usije ukenda kombo.*

Kuna beti nyingine, zote nzuri. Lakini moyo wa utenzi uko karibu na mwisho, mahali ambapo msikilizaji ameshalainika na hana ubishi tena:

*Mkitaka kiongozi,*
*si mwenye sauti wazi,*
*ni mtunzi wa utenzi,*
*mwenye miwani na fumbo.*

Katika kamati nzima na walimu wote, mwenye miwani ni mmoja. Sitaji jina. Hekima haitaji jina.

Nimesali istikhara pia, kumwomba Mungu anielekeze kama nikitafute cheo hiki au nikiache. Nilikuwa nimeshaamua, lakini adabu ni adabu.

Jumatano, 10 Septemba

Kipindi cha kwanza. Vijana walikuja na nyuso za watu walionyang'anywa mapumziko yao, na ndivyo ilivyokuwa. Wengine walilaza vichwa juu ya mikoba. Nikaanza. Njia yangu ni ya kale na haina mfano: mimi naimba mishororo mitatu, wao wanapokea wa nne. Ubeti wa kwanza walinong'ona. Wa pili wakainua vichwa. Wa tatu wakawa wanapiga meza, na mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kama kuna harusi.

Kuna binti tunayemwita Wakili, kwa sababu hakubali jambo mpaka ligeuzwe pande zote. Akanyoosha mkono akauliza kama mafundisho haya ni ya mambo makubwa tu, kama ndoa na safari, au ni ya kila jambo. Nikamjibu kila jambo. Akauliza kama kuna la kubagua. Nikasema hakuna! Hekima haina likizo! Lilinitoka vizuri sana hilo, nikalirudia.

Kisha Kobe. Kobe ni yule kijana mkubwa wa nyuma. Ukimsalimu asubuhi anakujibu adhuhuri. Akauliza mtu atulie kwa muda gani kabla ya kuamua. Nikasema kwa muda wowote utakaohitajika. Akaitika kwa kichwa, taratibu.

Koo la Dhahabu alikuwa dirishani akisikiliza. Alipoona nimemwona akajifanya anakagua bawaba. Ameshatishika!

Alhamisi, 11 Septemba

Msiba. Leo ulikuwa mtihani wa robo muhula, somo langu. Nikagawa karatasi, nikasema anzeni. Wakainuka wote. Wakavuta madawati, wakakaa duara duara, wakaanza kushauriana! Nikapiga meza. Nikauliza huu ni mtihani au ni soko. Wakili akasimama kwa heshima zote, mikono nyuma, akaniimbia ubeti wa pili. Darasa likapokea: *yapimwe kwa wengi mambo!* Kwa sauti nzuri, lazima niseme.

Ningewanyang'anya karatasi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Mwenyekiti, ametabasamu mpaka magego yanaonekana, akitikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Nifanye nini? Nikatabasamu. Nikajifanya ndivyo nilivyopanga.

Nimesahihisha. Wote wamekosa mahali pamoja. Kwenye swali la ubeti wa utenzi una mishororo mingapi, walipiga kura, wengi wakasema mitano. Walioimba minne siku nzima ya jana! Kobe amerudisha karatasi tupu. Pembeni ameandika kwamba bado anatafakari.

Nikatoka mbio kumfuata Mwenyekiti ili nimweleze ule mpango ambao sikuwa nao. Njiani akanizuia mama yake Kobe, mwenye duka la vitambaa. Akanishika mkono haachii. Akaanza kulia. Ikawa hadithi ndefu: kuna mtu alikuja na gari, anachukua vijana kwenda kufanya kazi mbali, anataka watie sahihi pale pale kabla gari halijaondoka. Kobe alikuwa ameshafunga begi. Kumbe jana jioni akamwambia yule mtu kwamba akuhimizaye hima huyo hana lilo jema, akakaa chini kwenye ngazi ya duka, akaanza kupima. Gari likachoka kungoja, likaenda zake. Leo inasemekana vijana waliopanda hawajulikani walipo, na simu zao hazipatikani. Mama akasema mimi nimemrudishia mwanawe.

Nikamwambia amshukuru Mungu, na aniwie radhi, nina haraka. Aliponiachia, Mwenyekiti alikuwa ameshapotea. Mtu hawezi kutafuta cheo kwa amani.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya kazi kubwa. Mipango mitatu.

Wa kwanza, Mwenyekiti. Nilimnasa baada ya sala, akitafuta viatu vyake. Nikamdokeza kwamba kuna madrasa nyingine inanitaka, nzuri, ina feni, na kwamba wanataka jibu langu kesho jioni, kwa hiyo kamati isilaze damu. Madrasa hiyo haipo. Mwenyekiti akapata kiatu kimoja, akakiangalia, akasema ameupenda sana ule ubeti wa tatu. Basi. Sijui alikuwa na maana gani.

Wa pili, Muuguzi. Ni rafiki wa Dada tangu shuleni, kwa hiyo maneno yetu hupita kwa Dada. Nikamtuma asubuhi amwambie kwamba nyumba ni kama imeshapatikana, bado funguo tu, na ingefaa anipe jibu lake leo. Dada akarudi jioni akicheka peke yake. Anasema watoto wa madrasa walikaa kwenye benchi la zahanati kungoja chanjo, wakaimba utenzi wote, wagonjwa wakapokea. Muuguzi ameuhifadhi. Anasema ananiheshimu, ananifikiria, lakini kwa kuwa namhimiza, atakaa chini kwanza apime. Atawauliza shangazi zake. Shangazi zake ni wengi, na mmoja yuko ng'ambo!

Nimefurahi na nimekasirika. Amesema ananifikiria. Nilimwomba Dada arudie neno hilo, akalirudia, kisha akakataa kulirudia tena.

Wa tatu ni wa siri, na siufurahii sana, ila vita ni vita. Nilimpelekea Koo la Dhahabu jagi la maji ya ndimu yenye barafu tele, kumpongeza kwa kazi yake. Baridi ile ingetosha kulifunga koo lolote mpaka Jumatatu. Akashukuru sana. Akalishika. Kisha akasema siku hizi haamui peke yake, akampigia mkewe. Mkewe akakataa. Akanirudishia jagi.

Lilikuwa tamu. Sikuweza kuliacha liharibike.

Jumamosi, 13 Septemba

Sina sauti. Nimeamka, nimefungua mdomo kumwita Dada, kimetoka kitu kama mlango unaolia.

Ukumbi ulijaa. Wazazi mbele, kamati pembeni, Muuguzi safu ya tatu, na shali ya kijani. Koo la Dhahabu akaanza na kisomo. Watu wakalia. Hata mimi, nusura. Akamaliza, akarudi kitini, akalala.

Zamu yetu. Nikainua mkono, nikafungua mdomo, mlango ukalia. Wazazi wakatazamana. Wakili akapiga hatua mbele, hakuomba ruhusa, akaanza yeye. Wenzake wakapokea. Yarabi, jinsi walivyoimba! Safu ya nyuma ya wababa, watu wa kuvuta pumzi na kuangalia saa, walikuwa wanajipiga mapaja kwa viganja. Mama yake Kobe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Nikasahau cheo. Kwa muda kidogo tu, nilisahau kabisa. Nilitaka waendelee.

Halafu ubeti wangu ukafika. Nikavaa miwani vizuri. Nikageuka kidogo ili kamati inione ubavu. Wakili akaimba:

*Mkitaka kiongozi,*
*si mwenye kuomba kazi,*
*wala mwenye usingizi,*
*mtazameni kwa mambo!*

Ukumbi ukalipuka. Koo la Dhahabu akaamka, akapiga makofi bila kujua kwa nini. Mimi nilibaki na ubavu wangu.

Nikamvuta Wakili kando nikamuuliza, kwa mlio niliokuwa nao, nani aliyewaruhusu kuugeuza utenzi wangu. Akanieleza bila woga. Walishauriana wao kwa wao, wakawauliza wazazi, wakamwomba Mungu, kisha wakakubaliana kwamba ubeti ule wa miwani hauendani na zile nyingine; ni kama mtu mwingine ndiye aliyeutunga. Ni Kobe tu aliyesema waniulize na mimi, lakini alipomaliza kusema walikuwa wameshapanda jukwaani.

Mwenyekiti akainuka. Akasema kamati imeguswa. Akasema ingekuwa aibu kusikia maneno kama yale halafu kumchagua mtu hapo hapo kwa pupa. Kwa hiyo hawachagui leo. Watawauliza wazazi, watalala, watamwomba Mungu, ndipo waamue. Watu wakasema amina. Muuguzi alisema amina. Nilimwona midomo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimejiuzulu!

Niliwaza tangu alfajiri mpaka chai. Ni wazi kwamba hawanitaki. Mtu anayetakiwa haambiwi subiri. "Watatafakari" ni neno la watu waungwana wanaotaka kukuacha bila kukuumiza. Afadhali niwaache mimi kwanza. Nikaandika ujumbe kwenye kundi la simu la walimu na kamati kwamba kuanzia leo mimi si mwalimu wao, na kwamba uamuzi wangu ni wa mwisho na haujadiliwi. Nikaupeleka. Baadaye nikausoma. Ulikuwa na makosa mawili ya herufi, lakini hasira yake ilieleweka.

Dada alikuwa anakaanga mayai. Akaniuliza kama niliongea na mtu yeyote kabla. Nikamwambia niliongea na nafsi yangu. Akasema huyo naye hajawahi kunishauri vizuri.

Koo la Dhahabu akatuma ujumbe wa sauti. Ananisihi nifute, nitulie, nipime. Kwa sauti ile ile inayoliza watu. Mnafiki mkubwa! Nimemjibu kwa picha ya mkono unaopunga.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwenyekiti amekuja nyumbani. Yeye mwenyewe, kwa miguu, na kofia mpya. Nikajua amekuja kunibembeleza. Nilijipanga kwenye kochi kama mtu mwenye ofa nyingi. Sauti yangu imerudi, nusu.

Akaanza kusema kwamba jana kamati ilikaa na wazazi tangu adhuhuri, na kwamba wamemtuma aniulize jambo moja. Nikamkatiza. Nikasema anisamehe, kauli ya mwanamume ni moja. Akajaribu tena. Nikainua kiganja. Nikasema hata wakija na kamati nzima sibadilishi. Akauliza kama nina hakika sihitaji siku mbili tatu za kufikiri. Nikamwambia mimi si mtu wa kuyumbayumba.

Akashusha pumzi. Akasema basi, hatanihimiza, maana amefundishwa na mimi mwenyewe kwamba mwenye kuhimiza hana jema. Akainuka. Mlangoni akasema pole tu, kwa sababu walikuwa wameniteua. Kauli moja. Mama yake Kobe alisimama akaeleza habari ya lile gari, na baada ya hapo hakuna aliyetaja mtu mwingine. Koo la Dhahabu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Swali alilokuja nalo lilikuwa kama nitafuta ule ujumbe nichukue funguo leo.

Nikasema kwamba, sasa, kwa kuwa amelieleza vizuri... Akasema hapana, hapana, ameheshimu kauli yangu, na sasa hivi anampigia Koo la Dhahabu hapo hapo kwenye ngazi. Alipiga kweli. Nilimsikia mwenzangu akipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Nimekaa kwenye kochi saa nzima. Nimeumia, sitaficha. Nimetafuta kosa liko wapi na nimelipata: nilichelewa. Ningejiuzulu Jumamosi ukumbini, mbele ya watu, wangepata nafasi ya kunibembeleza kabla hawajalala. Nitakuwa mwepesi zaidi.

Jumanne, 16 Septemba

Habari za faraja, asubuhi na mapema. Dada alikuwa ameshavaa, mkoba begani, anachelewa kazini, akasimama mlangoni. Akasema shangazi wote wamejibu, hata yule wa ng'ambo, na wote wamekubali. Baba yake amesema basi, mwalimu aliyeokoa kijana wa watu anaweza kupangiwa chumba, nyumba itatafutwa. Imebaki kitu kimoja tu, Muuguzi ana swali.

Nikaruka kutoka kwenye kochi. Nikasema amwambie ndiyo!

Dada akasema nisikilize kwanza swali. Nikasema ndiyo, ndiyo, mara mia ndiyo, aende sasa hivi kabla hajabadilisha mawazo! Akafungua mdomo. Nikamsukuma nje kwa upendo. Nikaoga. Nikachana nywele. Nikapiga pasi shati jeupe, nikalichoma kidogo kwenye kola, lakini kwa ndani.

Jioni Dada amerudi. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa.

Muuguzi alikuwa amesikia watu wakisema kwamba, kwa kuwa nimeacha kazi na sina nyumba, nimeona aibu na nimemwachilia atafute mwingine. Hakuamini. Alitaka kusikia kutoka kwangu. Swali lilikuwa kama habari hizo ni za kweli.

Dada amefikisha jibu langu kama nilivyomtuma. Anasema Muuguzi alishukuru kwa adabu, akanawa mikono, akaita mgonjwa aliyefuata.

Nimelia. Naandika ili ijulikane kwamba nimelia. Dada amesema bado hapajaharibika neno, niende mwenyewe kesho, nikae, nimsikilize mpaka amalize, ndipo nijibu. Sikungoja amalize, maana somo nimeshalipata na sihitaji kufundishwa mara mbili. "Ndiyo" ni neno la hatari. Kesho Muuguzi akiniuliza chochote, hata kabla hajafika katikati, najibu hapana.